Kidevu Kilichofungwa Blada

Inspekta Mbula alikuwa amelala chali chini ya gari la marehemu, mchanga wa uwanja wa kituo cha Mtito Andei ukimwingia kwenye kola, akiomba kimoyomoyo kwamba paipu iliyokuwa juu ya pua yake iwe imekatwa kwa kisu. Siku ya ajali aliitazama mara moja tu, akaridhika, akamtia mtu pingu. Leo aliimulika kwa tochi, taratibu, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

"Musyoka," aliita, "kisu kikikata paipu kinapita mara ngapi?"

"Inategemea kisu ya nani, afande. Ya bibi yangu, hata nyanya inapita mara kumi."

"Na ya mtu anayechinja mbuzi kila siku?"

"Hiyo ni mara moja, na mbuzi haitajua."

Mbula hakucheka. Konstebo Musyoka, dereva wake, alikuwa mtu mnene aliyependa kutengeneza magari kuliko kuyaendesha. Aliinama akachungulia alikoonyeshwa. Paipu ya oili ilikuwa nene, ya mpira mgumu, na jeraha lake halikuwa moja. Kulikuwa na mikwaruzo mifupi iliyolala sambamba, mingine ya juujuu, mingine imezama, na mmoja tu ndio uliotoboa hadi ndani. Mtu mwenye kisu kikali na hasira moyoni hakati hivyo. Hata mwenye kisu butu hakati hivyo.

"Ai," Musyoka alisema. "Hii imesagwa."

"Ndiyo. Imesagwa."

Na kama imesagwa, basi mle ndani ya seli alikuwa na mtu asiye na hatia, au mwenye hatia ya kitu kingine ambacho Mbula hakukijua.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi mno. Yakub, kijana mwenye duka la mbao na saruji mjini Kitui, alikuwa akienda harusini Mombasa na mkewe Tima. Walisimama Mtito Andei kutia petroli. Hapo Yakub akagombana na Bulle, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kyuso, juu ya nani alifika kwanza kwenye pampu. Baadaye kidogo mhudumu wa petroli akamwona Bulle amechutama mbele ya gari la Yakub, kisu mkononi. Nusu saa haikwisha, gari likamwaga oili kwenye lami, likateleza juu ya oili yake lenyewe, likagonga kalvati kwa ubavu na kubiringika. Yakub alifia papo hapo. Tima alivunjika mkono. Lori la Bulle lilikuwa nyuma yao, na ni Bulle aliyemtoa Tima kupitia dirishani, akaketi naye kandokando ya barabara mpaka polisi walipofika.

Mbula ndiye aliyefika. Alimkuta Msomali ana kisu kiunoni na damu kwenye shati, akauliza maswali mawili matatu pale petroli, na kabla jua halijazama alikuwa na mshtakiwa. Jumatatu Bulle angefikishwa mahakamani kwa kuua kwa kukusudia, na kosa hilo lilikuwa na kitanzi mwisho wake. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Lete betri," alisema.

Gari lilikuwa la michezo, la Kijapani, jekundu, na Kitui nzima hapakuwa na la pili. Waliolitengeneza hawakuwa wamewahi kusikia habari za jua la Kitui. Lilichemka kila lilipopanda kilima, kwa hiyo fundi wa Yakub alilitia rejeta kubwa zaidi, feni ya pili, na rejeta ndogo ya kupoza oili aliyoipachika nyuma ya bampa ya mbele. Paipu za oili zilipita pembeni. Chini ya bampa hiyohiyo ndipo lilipokaa jambo lililowakusanya watoto na wazee wa mji mzima: spoila inayotembea. Watu wa Kitui waliiita kidevu. Gari likienda polepole, kidevu kilijificha. Likipita spidi ya themanini, mota ndogo ilikishusha chenyewe ili upepo ulikandamize gari barabarani, na likipunguza mwendo, kikapanda tena.

Paa la gari lilikuwa limebonyea hadi kwenye viti, lakini pua ilikuwa nzima. Musyoka alitafuta nyaya za mota, akazimenya kwa meno, akaziunganisha na betri ya Land Rover. Mota ikalia. Kidevu kikashuka.

Mbula, bado chali, aliona chuma kilichobeba kidevu kikishuka nacho. Chuma hicho kilikuwa kimepunguzwa kwa msumeno ili rejeta ya oili ipate nafasi, na pale kilipokatwa ukingo ulibaki na meno. Ukingo ukapita juu ya paipu, ukakwaruza, ukatulia ndani ya jeraha.

"Geuza nyaya."

Kidevu kikapanda. Ukingo ukakwaruza ukirudi.

"Tena."

Kikashuka. Kikapanda. Musyoka aliacha kutania.

"Kutoka hapa mpaka kwenye ile kalvati," Mbula alisema akijitoa chini ya gari, "kijana na gari lake jipya anapita malori mangapi?"

"Mengi, afande. Anakaa nyuma ya lori, spidi inashuka. Anapita, spidi inapanda. Anakutana na ingine mbele." Musyoka aliutazama ukingo wa chuma. "Kila lori ni msumeno."

Yalikuwa maelezo mazuri, na kwa dakika moja Mbula alijisikia vizuri. Kisha akaona tundu lake. Mjini Kitui, sawa, barabara ya vumbi haimruhusu mtu kufika themanini. Lakini Yakub alizunguka kwa Machakos ili asilitese gari lake, na kutoka Machakos hadi Mtito Andei ni lami tupu. Kidevu kingeshuka na kupanda njia nzima. Paipu ingekatika Sultan Hamud, isingengoja mpaka Mtito Andei.

"Kulikuwa na kitu kinakizuia," alisema, na safari hii alipiga magoti mbele ya bampa.

Alikipata upesi, kwa kuwa sasa alijua anatafuta nini. Vumbi la safari lilikuwa limeganda kwenye bampa yote isipokuwa mahali pawili, kushoto na kulia, ambapo palikuwa na mistari misafi yenye upana wa vidole viwili. Mistari hiyo iliteremka mpaka kwenye kidevu chenyewe, na kando ya mmoja palikuwa na weusi uliogandia kwenye rangi kwa joto. Musyoka alikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Blada," alisema.

Nani asiyeijua blada? Ukanda unaokatwa kwenye tyubu kuukuu, unaofunga kuni kwenye baiskeli, kuku kwenye karia, godoro juu ya basi. Fundi yeyote wa Ukambani ana blada mfukoni. Mtu alikuwa amekifunga kidevu cha gari la fahari kwa blada ili kisishuke, na mtu mwingine akaja na kisu akazikata.

* * *

Bulle aliletwa verandani. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na bado alikuwa na shati lile lenye damu ya ajali. Alikuwa amepewa jingine, hakulivaa.

"Habari ya paipu tuiache," Mbula alisema. "Nataka habari ya blada."

Tangu akamatwe Bulle alikuwa akijibu huku akitazama vidole vya miguu yake. Sasa aliinua macho.

"Ulizikata," Mbula aliendelea.

"Nilikata."

"Mbona hukusema?"

"Madam, wewe uliuliza kama nilikata paipu ya oili. Sikukata paipu ya oili. Nilikuambia hivyo, ukasema ni uongo."

Ilikuwa kweli. Alimwambia hivyo hasa, kwa maneno hayohayo, na Mbula alimkatiza.

"Ulizitaka za nini?"

"Kufunga turubai ya lori."

Mbula aligeuka akalitazama lori la Bulle lililoegeshwa uani, mbao zake za kando zimeachwa wazi kwa upepo. Mbuzi wenyewe walikuwa wamekwisha kupelekwa Mombasa na dereva mwingine, lakini harufu yao ilibaki.

"Lori la mbuzi lina turubai, Bulle? Ukiwafunika kwa jua hili, utamwuzia nani mizoga?"

Bulle alirudi kwenye vidole vyake.

"Yakub alikuita nini pale petroli?"

"Shifta."

"Alikuita jambazi mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na jina lake ni Yakub, na mimi ni Mwislamu kama yeye."

"Basi usingegusa gari lake hata kwa kidole. Ni nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Yakub alikuwa wapi wakati huo?"

"Msikitini. Adhuhuri."

"Basi pale kwenye gari alibaki nani?"

Bulle aliinua mkono wake wa kulia. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Madam, mkono iliyokata ni hii. Hiyo blada ilitoka, mtu akakufa. Mimi nimefikiria sana huko ndani na nimeona ni mimi. Andika ni mimi. Kwa nini unataka jina ya mtu mwingine?"

"Kwa sababu Jumatatu utashtakiwa kwa kuua. Unajua hukumu yake?"

"Najua."

"Na unanyamaza?"

"Mwanamke amefiwa. Mkono imevunjika. Niseme jina lake kwa polisi, aje akae hapa nilikaa?" Akaona amekwisha kusema, akafunika uso kwa mikono miwili.

Mbula alitaka kumwomba radhi. Alifungua kinywa, lakini miaka yote aliyokuwa polisi hakuwahi kumwomba mshtakiwa radhi, na hakujua kunaanzia wapi. Aliagiza Bulle apewe chai, akaingia kwenye Land Rover.

* * *

Walikata kwa njia ya Mutomo, wakafika Kitui wamekuwa wekundu kwa vumbi. Gereji ya Fundi Salim, aliyelitengeneza gari la Yakub, ilikuwa nyuma ya soko. Wazee wake walikuja kutoka pwani zamani, lakini Salim mwenyewe alizaliwa Kitui na alitukana kwa Kikamba gari lilipomshinda. Leo hakukuwa na gari. Alikuwa ameketi juu ya kreti, milango imefungwa nusu, mikono misafi kabisa.

Mbula aliweka kile chuma cha kidevu, walichokifungua kwenye gari, juu ya meza yake ya kazi.

"Unakijua?"

Salim hakukishika. "Nilikikata mimi."

"Kwa msumeno. Hukupiga tupa."

"Nilisema nitapiga akirudi kutoka Mombasa. Alikuwa na haraka ya harusi."

"Na kikishuka kinagusa paipu."

"Kinagusa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeungoja ugeni huu na kuuchoka kabla haujafika. "Rejeta ya oili ilikaa vizuri, maji yakapoa, oili ikapoa, nikafurahi. Halafu nikashusha kidevu kwa mkono nikaona nimekosea kipimo. Ilitakiwa paipu ya kona, na paipu ya kona iko Nairobi. Nikasema, nikifunga kidevu kisishuke, kuna ubaya gani? Akirudi nitarekebisha."

"Si ungechomoa tu waya wa mota?"

"Ukichomoa, taa nyekundu inawaka mbele ya dereva. Yakub angeniuliza taa ni ya nini. Nikatia blada."

"Blada hakuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Salim alisugua mikono yake misafi kwenye suruali. "Nilimwambia ni kwa sababu ya mawe. Nilimwambia barabara zetu zina mawe, kidevu kikishuka kitavunjika. Asifungue."

Mbula aliyasikia maneno hayo yakianguka mahali pake. "Na lami ya Mombasa ina mawe, Fundi?"

"Haina," Salim alisema.

Basi ilikuwa hivyo tu. Angesema paipu, hakuna mtu mwenye akili angezigusa zile blada. Alisema mawe, na mtu akifika kwenye lami mawe yanakwisha, na sababu inakwisha pamoja nayo.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Mji wote ulikuwa unakuja hapa kutazama. Salim ametia rejeta ya oili kwenye gari la kidevu kinachotembea, hata Nairobi wangeshindwa. Ndivyo walivyosema, na mimi nikaacha waseme. Ningetoka vipi niseme nimekosea kwa upana wa kidole?" Aliinua macho. Yalikuwa mekundu. "Nilimwosha mwenyewe kabla hatujamzika. Watu wakasema, Salim alimpenda sana yule kijana. Mimi namwaga maji, na kichwani ni paipu, paipu, paipu."

"Ulijua, basi."

"Nilishuku. Kisha nikasikia kuna Msomali ameshikwa na kisu. Inspekta, nilimshukuru Mungu. Nilisema alhamdulillahi hapa nilipoketi. Baadaye ndipo nikajiuliza nimeshukuru kitu gani."

"Ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya."

Mbula angependa kumkaripia. Lakini yeye pia, siku ile barabarani, alipoona kisu kiunoni mwa Bulle alikuwa amefurahi, na furaha yake ilifanana sana na ya Salim. Alimwambia afunge gereji, aende kituoni mwenyewe, akaandikishe maelezo bila kungoja kufuatwa. Salim alichukua kofia yake, akaenda. Alionekana kama aliyepunguziwa mzigo, na hilo nalo lilimwudhi Mbula.

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa pili. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka nje, na Musyoka akabaki nao, akapewa kahawa na tende. Tima alikuwa amekaa eda. Mwanamume wa kando asingeweza kuingia kwake, na Mbula alijua kwamba kama angekuwa Inspekta Mutie au mwingine yeyote wa kituoni, kesi ingeishia hapa mlangoni.

Mama wa Yakub, Bi Mwanahamisi, alimfungulia pazia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Ingia, mwanangu. Lakini mimi sitoki. Ni mke wa mtoto wangu."

"Mama, ningependa niongee naye peke yake."

"Ningependa mtoto wangu awe hai," Mwanahamisi alisema, akaketi.

Tima alikuwa kwenye godoro, nguo nyeupe, mkono kwenye plasta. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na michache. Mbula aliketi chini karibu naye. Njiani alikuwa ametayarisha maswali ya mtego, matatu mazuri. Sasa yalimwonekania machafu, akayaacha.

"Dada, nimekuja kwa habari ya Bulle. Yule aliyekutoa kwenye gari."

"Anaendeleaje?"

"Jumatatu anapelekwa kortini. Wanasema alimuua mume wako."

Tima alitazama ukutani.

"Nimeongea naye leo," Mbula alisema. "Amekubali kwamba alikata blada. Nimemwuliza nani alimwomba, akasema hakuna. Nimemwambia anaweza kunyongwa. Bado anasema hakuna."

Mwanahamisi alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi.

"Amesema hakuna?" Tima aliuliza.

"Ndiyo."

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja, dada."

Tima alijaribu kukaa wima, mkono ukamuuma, akabaki ameegemea ukuta. Aliposema hakumtazama Mbula. Alimtazama mkwewe.

"Mama, nisamehe. Ni mimi. Yakub alienda kuswali. Nikaona yule mzee ana kisu, nikamwambia, baba, nikatie hizi. Alikuwa ametukanwa na Yakub sasa hivi tu, mama, na bado alikubali. Alisema, kwa ajili yako, binti yangu." Alimeza mate. "Fundi alisema ni ya mawe. Na mawe yalikuwa yameisha. Tangu Machakos ile mota inalia, inalia, kama inaomba kufunguliwa. Nikasema nitamfurahisha."

"Alifurahi?" Mwanahamisi aliuliza. Swali hilo Mbula asingelithubutu.

"Alifurahi sana. Kilivyoshuka mara ya kwanza alipiga kelele. Alikuwa akipunguza spidi makusudi ili kipande, halafu anaongeza ili kishuke. Aliniambia, Tima, sikia. Tulikuwa tunacheka." Alishika plasta ya mkono wake. "Tulikuwa tunacheka, mama, halafu gari likaenda kando."

Mbula alingoja Mwanahamisi apige kelele, amfukuze, aite wanaume. Alikuwa amewahi kuona nyumba zikivunjika kwa kidogo kuliko hiki. Yule mama alikaa na tasbihi yake mkononi.

"Mwambie na mengine," alisema hatimaye.

"Mengine yapi, mama?"

"Usinifiche. Mwambie ni nani alikwambia uzitoe."

Tima alitikisa kichwa. Alikuwa tayari kubeba lile, na Mbula aliona wazi kwamba alikuwa amelibeba tangu ajali, katika nyumba hii, kwenye godoro hili, mbele ya mwenye nalo.

"Basi nitasema mimi," Mwanahamisi alisema, akamgeukia Mbula. "Asubuhi wakiondoka nilisimama pale mlangoni. Nikaona gari lote la yule mtoto limefungwa blada mbele, kama mkokoteni wa kuni. Nikamvuta huyu kando. Nikamwambia, mtafika kwa kaka yangu Mombasa na uchafu huu, watu watoke nje watucheke? Mume wako hasikii, lakini wewe una akili. Kabla hamjafika, hakikisha zimetoka." Alijipiga kifuani kwa kiganja. "Mimi. Ndiyo maana amekaa kimya. Si kwa kuogopa polisi. Alikuwa ananificha mimi."

"Mama, hukujua," Tima alisema.

"Na wewe ulijua?"

Mwanahamisi alitambaa kwa magoti mpaka kwenye godoro, akaketi ubavuni mwa mkwewe, upande ule wa mkono mzima, na hawakuangaliana.

"Inspekta," Tima alisema, "yule mzee mtamtoa?"

"Atatoka leo."

"Na mimi mtanipeleka?"

"Hapana, dada. Sheria haina neno nawe. Wala na mama."

Tima alimtazama kama mtu aliyenyimwa. "Heri ingekuwa nalo," alisema.

* * *

Mbula alipiga simu Mtito Andei kutoka kituo cha Kitui. Chumba cha pili alimsikia Salim akitoa maelezo, akiyarudia mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Sajenti wa zamu alipokea.

"Mtoe Bulle. Mpe lori lake na kisu chake. Mashtaka hakuna, nitamweleza mkubwa mwenyewe."

Alimsikia sajenti akiweka simu mezani, akasikia funguo, kisha sauti mbili zikibishana kwa muda. Sajenti akarudi.

"Afande, amekataa kutoka. Anauliza nani amesema."

"Mwambie Tima amesema. Kwa hiari yake."

Sauti tena, mbali. Safari hii zilichukua muda mrefu zaidi, na sajenti aliporudi alikuwa ameacha ukali wake wa kazi.

"Anasema mwanamke wa eda amefungua siri ya nyumba yake kwa sababu yake yeye. Anasema hatia ya kwanza ilikuwa kifo cha mume, sasa hii pia iko juu yake. Afande, huyu mtu nimfanye nini?"

"Mlete kwenye simu."

Alingoja. Alisikia miguu ikija polepole kwenye saruji, kisha pumzi ya mtu kwenye simu.

"Bulle," Mbula alisema, "mimi ndiye niliyekufunga kabla sijatazama vizuri. Ningetazama, hakuna mtu angekwenda kumwuliza yule binti. Usiichukue hiyo. Hiyo ni yangu."